Salamu zilipomeza deni

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, unajigeuza ili watu wakukubali?", limenigusa pabaya, maana mmeliuliza kana kwamba kujigeuza ni ugonjwa. Nani hajigeuzi? Sauti unayompokelea bosi simu siyo unayomwitia mtoto aliyemwaga maji. Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, aliandika tangu miaka ya 1950 kwamba mbele za watu sote tuko jukwaani, nami sina ubishi naye. Wanaojigamba kwamba hawajali watu wanasema nini ndio wa kwanza kuchungulia kama umewasikia. Kwangu mimi, kujali watu ni adabu tu.

La kuuliza ni hili: tukishajigeuza, tulilotaka kusema hubaki?

Dada yangu alikuwa akimdai rafiki yake pesa, deni la siku nyingi. Jioni moja akashika simu, akaandika: "Naomba unirudishie pesa zangu kabla ya mwisho wa mwezi." Safi kabisa. Akanisomea, kisha akajijibu mwenyewe, "Ataona namdharau." Akatanguliza "samahani kwa usumbufu." Akafuta "zangu", eti inasikika kama ugomvi. Tarehe nayo ikaondoka. Nukta ya mwisho akaiona kali, akaweka kikatuni cha uso unaocheka. Akahofia kitaonekana kejeli, akaweka mikono iliyounganishwa. "Naomba" ikawa "nilikuwa nafikiria kama itawezekana". Halafu akasema si vizuri kumvamia mtu, ngoja amjulie hali kwanza. Akamuulizia na watoto, na kazi, na ule mgongo uliokuwa ukimsumbua. Ombi likabanwa mpaka likatoka lote. Akatuma.

Jibu likaja papo hapo: "Mimi mzima kabisa, rafiki yangu. Asante kwa kunikumbuka!"

Nilicheka mpaka nikatupiwa mto. Ila sasa ninavyokiandika kisa hiki, kichekesho sikioni tena. Yule rafiki siku ile hakukataa kulipa. Hakuombwa.

Mwaka 1951 Solomon Asch, mwanasaikolojia kule Marekani, alieleza jaribio la kuwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Waliotangulia kujibu walikuwa wamepangwa wakosee makusudi. Mlengwa, asiyejua mpango huo, akafuata kosa lao takriban mara moja katika kila tatu. Walengwa waliporuhusiwa kuandika jibu faragha, kufuata mkumbo kulipungua sana. Dada yangu ndiye ananishinda: alikuwa akiandika, hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi niliyekuwa upande wake, na bado alisalimu amri kwa mtu asiyekuwepo.

Basi nalegeza kamba: ugonjwa upo, japo si pale mlipouonyesha. Lainisha sauti, lainisha salamu, weka vikatuni utakavyo, lakini ombi litangulie. Kwa mtu anayeweza kukufukuza kazi sitoi ushauri. Ushujaa wa kumshauri mwenzio ni rahisi mno. Kwa mfiwa na mgonjwa pia, zunguka tu.

Deni halijalipwa. Dada ameniruhusu niandike haya mradi nisitaje kiasi, asije rafiki yake akajitambua akaudhika.