Mtoto akiuliza, "Nikifa nitaenda wapi?"

SWALI: Mimi ni nesi wodi ya watoto wenye saratani. Usiku mmoja mtoto wa miaka 9, ambaye matibabu yameshindikana, aliniuliza: "Nesi, nikifa nitaenda wapi?" Wazazi wake ni Waislamu, wamekataa asiambiwe lolote. Mimi ni Mkristo. Akiuliza tena nimjibuje?

JIBU: Atauliza tena, dada, kwa hiyo jiandae. Kwanza mrudishie kwa upole: "Wewe unafikiri ni wapi?" Kisha nyamaza, umsikilize. Huenda hata haulizi habari za peponi. Huenda anataka kujua kama itauma, au kama mama atakuwepo. Wapo watoto wanaoamini wanaumwa kwa sababu walikosa, na kwamba wataenda motoni. Ukisikia hivyo, usisubiri mzazi wala shehe: "Hukufanya kosa. Ugonjwa huu si adhabu."

Kwenye imani, mfuate kwao alikolelewa. Uislamu unafundisha kwamba asiyebalehe haandikiwi dhambi, na katika hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Bukhari, Nabii Ibrahim anaonekana bustanini akiwa amezungukwa na watoto. Wazazi wanayo maneno ya kumpa mtoto wao. Uchungu ndio umewafunga midomo. Akikuuliza unaamini nini wewe, usimfiche, ila kwa ufupi: "Sisi tunaamini tutakuwa kwa Mungu. Nyumbani kwenu mmefundishwaje?" Kumhubiria mtoto asiye na nguvu ya kukukatalia ni kumwonea.

Sasa wazazi. Usimweleze mtoto kwa kificho, lakini usikubali pia kumwambia atapona. Kaa nao pembeni, waambie alichouliza, neno kwa neno. Mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner, katika kitabu chake cha 1978 kuhusu watoto wa Marekani wenye saratani ya damu, alionyesha kwamba watoto walijua wanakufa ingawa hakuna aliyewaambia, na walinyamaza ili kuwalinda wazazi wao. Na utafiti wa Sweden wa 2004 uliwauliza wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani: kati ya 147 waliozungumza na mtoto wao kuhusu kifo, hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta. Mimi huwaeleza wazazi takwimu hizi, kisha nawapa muda. Wakitaka shehe wao aje, mpisheni.

Epukeni kumwambia kifo ni "kulala". Ataogopa kufumba macho. "Mungu anakupenda ndiyo maana anakuchukua" nalo linamfanya aogope kupendwa.

Angalia pia maumivu yake. Mtoto anayeumia hawezi kuzungumza haya, kwa hiyo hakikisha mofini anaipata kwa saa zake. Halafu andika kwenye faili alichouliza na mlichokubaliana na wazazi, ili nesi wa zamu ya asubuhi asije akamwambia jambo jingine.