Maswali ambayo wakili wa utetezi huulizwa yakiwa yameshachelewa

Kesi ya jinai ina saa yake, na saa hiyo huanza kuhesabu kabla ya familia kujua kuna kesi. Mtu kakamatwa Ijumaa jioni, wakili anapigiwa Jumatatu, na kwa siku hizo mbili tatu mambo matatu au manne yameshafanyika ambayo hayatarudi nyuma. Majibu yafuatayo ni ya maswali yanayoulizwa kila wiki, na kila moja lina wakati wake. Yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya mwenendo wa jinai.

"Nimepigiwa simu nifike kituoni. Niende?" Nenda, ila uliza kwanza: kosa gani, RB (namba ya taarifa iliyofunguliwa kituoni) ni ngapi, mpelelezi ni nani. Usiende peke yako, na yule unayeenda naye aandike kwenye simu yake saa mliyoingia kituoni. Tumeni hata ujumbe wa "tumefika" kwa mtu wa nyumbani. Dakika hiyo moja inaweza kuja kuamua kesi, kwa sababu ifuatayo.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa polisi muda wa saa 4 (si saa nne asubuhi!) kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, zikihesabiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Mkuu husika anaweza kuongeza zisizozidi 8, na zaidi ya hapo ni mahakama. Muda wa kumsafirisha mtuhumiwa, au wa kumsubiri wakili wake, hauhesabiwi. Maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikwa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa, yakiandikwa nje ya muda huo bila nyongeza halali, yamefutwa na Mahakama ya Rufani mara nyingi, na kuna rufaa zilizoshinda kwa sababu baada ya kufutwa maelezo, hakukubaki ushahidi wa maana. Lakini nani atathibitisha saa uliyoshikwa? Kitabu cha kituo kinaandikwa na polisi. Ujumbe wako wa "tumefika" uliuandika wewe.

Sasa hayo maelezo ya onyo yenyewe. Hapa ndipo kesi nyingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo.

Karatasi inaanza na jina la askari, kosa unalotuhumiwa, kisha onyo: si lazima useme lolote, na utakalosema laweza kutumika kama ushahidi. Linafuata swali kama unataka ndugu, rafiki au wakili awepo. Watu wengi hujibu "niko tayari peke yangu" kwa kudhani wakiita wakili wataonekana wana hatia. Hakuna hakimu anayemhukumu mtu kwa sababu aliita wakili. Ukisema unamtaka, hakikisha limeandikwa hivyo. Unalazimika kutaja jina na anwani; mengine una haki ya kunyamaza. Kama unaamua kueleza, unaweza kuomba uandike kwa mkono wako mwenyewe.

Mwisho wa maelezo kuna uthibitisho: kwamba umesoma, au umesomewa, na ni sahihi. Kabla ya kusaini hapo, soma ukurasa kwa ukurasa. Neno lisilo lako likatwe na usaini pembeni. Ukisema "nilikuwepo pale" na karatasi ikasema "nilishiriki", hiyo si tofauti ya lugha, ni tofauti ya miaka. Angalia na saa ya kuanza na ya kumaliza iliyoandikwa. Kama huoni vizuri au hujui kusoma, sema, usomewe.

Wengine hupelekwa baadaye kwa mlinzi wa amani, ambaye mara nyingi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, kuandika maelezo mengine. Yeye huuliza kama ulipigwa au kuahidiwa chochote, na hukagua mwili wako kama una majeraha. Hapo ndipo pa kusema na kuonyesha. Ukikaa kimya kwa kumwogopa askari anayesubiri nje, kisha miezi 14 baadaye ukaja kulalamika kwamba ulining'inizwa, Wakili wa Serikali atakuuliza swali moja tu: ulimwambia nani?

Na kuna mtego wa mwisho kwenye maelezo haya. Pingamizi kwamba uliteswa au hukuandika kabisa hutolewa pale shahidi anapoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo. Hakimu atauliza, "Mshtakiwa, una pingamizi?" Ukijibu "sina", yanapokelewa. Ukija kusema wakati wa utetezi kwamba ulipigwa, umeshachelewa. Mahakama hulitazama kama wazo la baadaye. Ukipinga kwa wakati, mahakama inasimamisha kesi kuu na kuchunguza kwanza kama maelezo yalitolewa kwa hiari.

Upekuzi nao una karatasi yake, hati ya ukamataji mali. Kusaini maana yake unakubali kwamba vilivyoorodheshwa vilikutwa kwako. Hesabuni pamoja: simu ngapi, za aina gani, fedha shilingi ngapi. Awepo shahidi huru, jirani au mjumbe, aliyeingia ndani na kuona, siyo aliyeitwa kuja kusaini vitu vilivyokwisha kuwekwa mezani.

Swali linaloongoza kwa wingi ni la dhamana. "Wanataka shilingi ngapi?" Dhamana ya polisi haina ada, na ya mahakama pia haina. Mtu akishakamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana kituoni, isipokuwa kwa makosa mazito kama yale yenye adhabu ya kifo. Polisi kwa kawaida watataka mdhamini mwenye kitambulisho na makazi yanayojulikana.

Mahakamani masharti husomwa haraka, kwa mfano: "Wadhamini wawili, barua za serikali ya mtaa, nakala za vitambulisho vya NIDA, bondi ya milioni tano kila mmoja." Familia ikisikia milioni tano inaanza kuuza kiwanja. Bondi ni ahadi ya maandishi: mshtakiwa akiruka dhamana, mdhamini atadaiwa kiasi hicho. Siku ile halipi senti. Fedha taslimu hutakiwa pale tu mahakama iliposema iwekwe, au pale sheria yenyewe inapotaka, kama kwenye kesi za mali ya thamani kubwa ambako nusu ya thamani huwekwa taslimu au kwa hati ya mali isiyohamishika.

Kinachokwamisha dhamana mara nyingi ni vitu vidogo. Barua ya mtaa haina muhuri, au haina picha ya mdhamini iliyogongwa muhuri juu yake. Jina kwenye barua ni Juma Hamisi, kwenye NIDA ni Jumaa Khamis. Mdhamini amefika saa nane mchana na hakimu ameshaingia kwenye kesi nyingine. Karandinga haisubiri, ikiondoka, ndugu yenu analala rumande na mtahangaika na hati ya kumtoa kesho yake. Wadhamini waje asubuhi, wawe watatu ikiwa wanatakiwa wawili, na barua ziandaliwe tangu siku mtu aliposhikwa, siyo siku ya kusomewa mashtaka. Na wale vijana wa kwenye korido wanaojitolea kuwa wadhamini kwa malipo, waacheni. Ni vishoka, na wakibainika, anayeumia ni mshtakiwa.

Mdhamini naye ajue anaingia wapi. Mshtakiwa akitoroka, mdhamini ataitwa aeleze kwa nini asilipe bondi. Akiona dalili mbaya mapema anaweza kuomba mahakama imtoe kwenye udhamini. Mshtakiwa atatafutwa, kisha atatakiwa alete mdhamini mwingine.

Yako makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine kadhaa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliona kifungu cha sheria kinachozuia dhamana kwa makosa hayo kinapingana na Katiba, lakini mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kifungu kipo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama kwenye hati ya mashtaka ni jina la kosa. "Unyang'anyi" una dhamana. Ukiongezewa "wa kutumia silaha" hauna, na adhabu yake ya chini ni miaka 30.

"Alinikopa hajalipa. Nikamfungulie kesi polisi?" Deni ni madai, si jinai. Polisi si wakusanya madeni, ingawa vituo vingi vimejaa watu waliowekwa ndani "mpaka walipe". Inageuka jinai pale palipokuwa na udanganyifu tangu mwanzo, kama kukuuzia kiwanja kisicho chake. Na wewe uliyewekwa ndani kwa deni, chunga usiandikishwe mkataba wa kulipa ukiwa selo kwa kiasi usichodaiwa. Watu husaini ili watoke, kisha karatasi ileile inakuja kuwa ushahidi dhidi yao.

"Mlalamikaji amesamehe, kwa nini kesi haifutwi?" Kwa sababu kesi si yake. Ni ya Jamhuri; yeye ni shahidi. Kwa makosa madogo kama shambulio la kawaida, mahakama inaweza kuhimiza suluhu na kuimaliza kesi. Kwa ubakaji wa mtoto, hakuna kikao cha wazee kinachoweza kuimaliza, na fedha za "kuyamaliza nyumbani" zinaweza kuzaa kosa jingine juu ya lile la kwanza.

"Upelelezi haujakamilika" ni sentensi mtakayoisikia hadi muichoke. Aliye rumande kesi yake haiahirishwi kwa zaidi ya siku 15 kwa mkupuo. Ndiyo maana mnaitwa kila baada ya wiki mbili. Siku za kutajwa tu kesi hakuna ushahidi unaosikilizwa, lakini mwenye dhamana asipofika hutolewa hati ya kumkamata. Kesi ikiondolewa kabla ya utetezi, msikimbilie kuchinja mbuzi. Kuondolewa mashtaka hakuzuii kushtakiwa upya, na wengi hukamatwa palepale mlangoni.

"Nikikubali kosa si nitapewa adhabu ndogo?" Huenda. Ila ukikiri, rufaa yako inabaki juu ya adhabu, na juu ya hatia ni kwa sababu chache sana, kama kukiri kusikoeleweka. Baada ya kusema "ni kweli", mwendesha mashtaka husoma maelezo ya tukio na utaulizwa kama ni sahihi. Ukikana jambo la msingi hapo, hakimu anapaswa kuandika kwamba umekana kosa. Kama nia ni kupata nafuu, tangu 2019 kuna makubaliano ya kukiri kosa, yanayoandikwa na kusajiliwa mahakamani, japo si kwa makosa yote. Usibadilishane na ahadi ya mdomo ya mtu kituoni.

Wasio na wakili wana kosa lao moja kubwa: "Mheshimiwa, sina swali." Shahidi akisema alikutambua usiku, na wewe usimuulize taa ilikuwa ya aina gani, ilimulika kutoka wapi, alikuwa umbali gani, alikuona kwa muda gani na kama alikutaja mapema kwa polisi, mahakama inaweza kuhesabu kwamba umekubali. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980 hayo ndiyo maswali majaji wanayoyatafuta kwenye kumbukumbu. Yaandike kwenye karatasi kabla hujaingia. Hali kadhalika PF3, fomu ya polisi anayoijaza daktari: una haki ya kuomba daktari aliyeijaza aitwe, umuulize. Na kama siku ya tukio ulikuwa kwingine, toa taarifa hiyo kabla kesi haijaanza kusikilizwa, ukitaja mahali na mashahidi. Ukiibuka nayo kwenye utetezi, mahakama inaweza isiipe uzito wowote.

Asiye na uwezo wa kulipa aombe msaada wa kisheria. Sheria yake ipo tangu 2017. Kwenye shtaka la mauaji Mahakama Kuu, mshtakiwa hupewa wakili kwa gharama za Serikali, na hata kwa wakili huyo, mshtakiwa ana haki ya kukaa naye na kumweleza habari yake kabla ya siku ya kusikilizwa.

Hukumu ikisomwa na umetiwa hatiani mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, una siku 10 za kutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha sababu za rufaa. Muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Aliye gerezani hukabidhi taarifa yake kwa ofisa wa magereza, naye huipeleka. Omba nakala ya hukumu kwa barua siku hiyohiyo, na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.