Umeagiza kutoka Uingereza, unadaiwa VAT tena mlangoni: yaliyonikuta mimi

Dada uliyeuliza jana, swali lako limenirudisha mwaka 2022. Unasema uko Ujerumani, umeagiza mkoba kwenye duka la mtandaoni la Uingereza, ukalipa kila kitu, halafu mleta vifurushi kafika mlangoni anadai VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na ada juu yake. Unauliza kama umetapeliwa. Kwa maelezo yako, huyo wa mlangoni hajakutapeli. Ila kuna hela yako imebaki Uingereza bila sababu, na hiyo ndiyo ya kufuatilia.

Mimi niliagiza buti za baridi, pauni 96, na usafiri pauni 12. Nikalipa kwa kadi, nikasahau. Mzigo ulipofika nikadaiwa euro 24 na ushee za VAT, pamoja na ada ya kampuni iliyouleta. Mtoto analia ndani, mlango uko wazi, baridi inaingia, nikalipa yaishe. Usiku ndipo nilipoitoa risiti ya duka nikaisoma mstari kwa mstari. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: VAT asilimia 20, pauni 18. Yaani nimelipa kodi ya Uingereza kwa buti ambazo hazitakanyaga Uingereza, halafu nikalipa asilimia 19 ya Ujerumani, tena imepigwa juu ya bei ambayo ile ya kwanza imo ndani yake.

VAT humfuata mlaji, inalipwa kule bidhaa inakokwenda kutumika. Zamani, Uingereza ilipokuwa bado kwenye soko la Ulaya, ulikuwa unalipa ya dukani basi. Tangu Januari 1, 2021 mzigo wa kutoka London unapita forodha sawa na wa kutoka Dar es Salaam. Kisha Julai 1, 2021 Umoja wa Ulaya ukafuta msamaha wa vifurushi vya hadi euro 22. Ndiyo maana wenyeji wa hapa wanakwambia "mbona zamani hatukulipa", na hawakudanganyi.

Muuzaji wa Uingereza anaruhusiwa kuuza nje bila kutoza VAT ya kwao, mradi awe na ushahidi kwamba mzigo umetoka nchini. Maduka makubwa hukata yenyewe ukishaandika anwani ya Ujerumani. Bei inashuka pale pale mbele ya macho yako. Madogo mengi hayafanyi hivyo. Nilipoliandikia duka nililonunua buti linirudishie VAT yake, lilinijibu kwanza kwamba bei ni moja kwa wateja wote. Nikaandika tena, safari hii nikaambatanisha picha ya karatasi ya kodi niliyopewa na mleta mzigo. Wiki tatu baadaye pauni 18 zilirudi kwenye kadi. Ada ya kampuni haikurudi, maana ile si kodi, ni malipo ya wao kukulipia forodha kwanza.

Kabla hujawaandikia, tazama risiti yako vizuri. Kama duka lilishakutoza VAT ya Ujerumani, asilimia 19, basi huenda linatumia mfumo wa IOSS, ambao muuzaji anakusanya kodi siku ya kununua kwa mizigo isiyozidi thamani ya euro 150. Hapo forodha haipaswi kukutoza tena. Tatizo huwa namba ya IOSS, ile inayoanza na herufi IM, haikutumwa pamoja na taarifa za mzigo. Dawa ni ile ile: karatasi ya kodi, barua kwa muuzaji, yeye akurudishie alichokusanya.

Kuna mdau kakushauri uandikishe kila kitu "zawadi" ili usitozwe kodi. Tafadhali, usifanye hivyo. Zawadi ya kweli ni ya mtu binafsi kwa mtu binafsi, bila malipo, na thamani isizidi euro 45. Ukimtumia shoga yako hela kwa simu akununulie vitenge Kariakoo, umenunua. Mimi mama alinitumia doti tatu za khanga, nikaitwa ofisi ya forodha. Nikapewa kisu nilifungue boksi mwenyewe mbele ya ofisa. Aliikunjua khanga ya juu mezani, akaniuliza yale maandishi yanasema nini. Nikamtafsiria: mgeni njoo, mwenyeji apone. Akaomba risiti; nikamwonyesha kwenye simu picha aliyonitumia mama, shilingi 45,000. Akapiga hesabu, haikufika hata euro 30, akaniruhusu niondoke bila kulipa senti. Ile picha ya risiti ndiyo iliyoniokoa, na tangu siku hiyo namkumbusha mama kila anapofunga mzigo.

Jambo lingine: ujumbe wa simu unaosema mzigo umekwama forodha, bonyeza hapa ulipe, usiuguse. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya msafirishaji, weka namba ya mzigo, uone kama kweli kuna deni.

Wewe kwa sasa usitupe boksi wala karatasi yoyote iliyobandikwa juu yake. Tafuta mstari wa VAT kwenye risiti ya duka. Ficha jina na anwani, weka picha hapa, nitakusaidia kuandika hiyo barua kwa Kiingereza.