Hisa za mwanzilishi: zinavyogawanywa, zinavyopungua, na kinachobaki siku ya kuuza

Mleta uzi ameuliza mambo mawili. Kwanza, yeye ana wazo na mwenzake ndiye anayeandika programu, je, wagawane nusu kwa nusu? Pili, inakuwaje mtu aanzishe kampuni ya teknolojia, iuzwe kwa mamilioni ya dola, halafu yeye atoke na kiduchu? Ukiyatazama vizuri, la pili huzaliwa na majibu mabovu ya la kwanza. Shika kalamu, maana kuna hesabu.

Kabla ya kugawana chochote, sajilini kampuni yenye ukomo wa dhima, yaani ile ambayo ikidaiwa, wadai wanaishia kwenye mali ya kampuni na hawafiki kitandani kwako. Apple ilianza tarehe 1 Aprili 1976 kama ubia wa watu watatu: Steve Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne aliyekuwa na asilimia 10. Siku 12 baadaye Wayne akajitoa kwa dola 800. Watu humcheka hadi leo, lakini sababu yake hawaitaji: kwenye ubia kila mbia anabeba deni lote, Jobs alikuwa anachukua vifaa kwa mkopo ili kutimiza oda ya duka moja, na kati ya watatu wale Wayne ndiye aliyekuwa na mali ya kukamatwa. Kwa muundo ule alikuwa na haki ya kuogopa. Kwenye kampuni iliyosajiliwa vizuri hofu hiyo haipo, alimradi hujasaini dhamana binafsi ya mkopo.

Usajili una faida nyingine ndogo: fedha zinapata pa kuingia. Agosti 1998 mwekezaji Andy Bechtolsheim aliwaandikia waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google Inc., na kampuni yenye jina hilo haikuwepo. Hundi ikakaa bila kupelekwa benki hadi usajili ulipokamilika Septemba. Kwao mambo yaliishia vizuri, lakini mwekezaji wako anaweza kubadili mawazo ndani ya hizo wiki mbili.

Sasa mgawanyo. Nusu kwa nusu si dhambi. Wazo lenyewe lina bei ndogo kuliko wenye mawazo wanavyodhani, na anayeandika programu bila mshahara kwa miaka miwili hastahili kupewa asilimia 10 kama kishika uchumba. Kosa ni kukabidhiana hisa zote siku ya kwanza. Hisa za waanzilishi ziive kidogokidogo, yaani ziwe zako kabisa kadiri unavyoendelea kufanya kazi, kwa miaka minne, na mwaka wa kwanza kisiive kitu mpaka utimie.

Tuseme kila mmoja ana hisa 5,000,000. Mkisaini utaratibu huo, akiondoka mwezi wa 11 hana kitu. Mwezi wa 12 zinaiva 1,250,000 kwa mkupuo, kisha zinaiva kama 104,166 kila mwezi. Akiondoka mwezi wa 18 anabaki na 1,875,000, na kampuni ina haki ya kuzinunua zile 3,125,000 zilizobaki kwa bei ileile ndogo aliyozilipia. Haki hiyo iandikwe pamoja na muda wake (siku 90 ni kawaida) na nani anaitekeleza, maana bodi ikiwa ninyi wawili tu, hakuna atakayepiga kura ya kujinyang'anya hisa. Hapo ndipo nusu kwa nusu inapouma: kura zinalingana na kampuni inakwama. Wekeni mkurugenzi wa tatu mnayemwamini wote, au mwandike nani ana neno la mwisho kwenye jambo gani. Mmoja aamue ya bidhaa, mwingine ya fedha, na kuuza kampuni kuhitaji saini zote mbili.

Msipofanya hivyo, mwenzako anaondoka mwezi wa sita akiwa na nusu ya kampuni. Miaka miwili baadaye mwekezaji anafungua daftari la wanahisa, anaona nusu iko kwa mtu asiyefanya kazi, anafunga daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye biashara hii daftari lenyewe ndilo mali.

Karatasi nyingine ya wiki ya kwanza ni ya kuihamishia kampuni haki za msimbo wa programu. Wengi wanadhani kampuni ikilipa basi kazi ni yake. Kwa mwajiriwa mara nyingi ni hivyo, lakini kwa fundi wa kulipwa kwa kazi, katika nchi nyingi, hakimiliki inabaki kwake mpaka asaini kuihamisha. Waanzilishi nao wasaini, hata kwa msimbo walioandika kabla ya kampuni kusajiliwa. Aliye bado na ajira kwingine asome mkataba wake kwanza. Baadhi ya waajiri hudai kila kitu kilichoandikwa kwa kompyuta yao au ndani ya saa zao. Msisahau na vile vitu vidogo ambavyo hakuna anayeviona kuwa mali: jina la tovuti, akaunti ya seva, akaunti ya duka la programu za simu, hifadhi ya msimbo. Vyote visajiliwe kwa barua pepe ya kampuni, si ya mtu. Ugomvi ukitokea, mwenye nywila ndiye bosi, sheria iseme isemavyo.

Tuje kwenye fedha za watu. Mwanzoni kabisa wengi hawauzi hisa moja kwa moja, wanasaini hati inayogeuka hisa baadaye, yenye kikomo cha thamani ya kampuni, yaani thamani ya juu kabisa itakayotumika kuhesabu hisa hizo. Ni nyepesi, haina mjadala mrefu, na ndiyo sababu watu huzirundika bila kuhesabu. Hati ya dola 200,000 kwa kikomo cha milioni 2, fedha yenyewe ikiwa imehesabiwa ndani, ni asilimia 10. Ukisaini tatu za namna hiyo kwa watu watatu, umeshatoa asilimia 30 kabla raundi ya kwanza ya kuuza hisa kwa wawekezaji haijaanza, na daftari bado linaonyesha mnamiliki asilimia 100.

Tuchukue mfano msafi usio na hati hizo. Mna hisa 10,000,000, nusu kwa nusu. Raundi ya kwanza mwekezaji anatoa dola 500,000 kwa asilimia 20, na anataka asilimia 10 itengwe kwa ajili ya wafanyakazi, itoke upande wenu kabla yeye hajaingia. Hisa zote zinakuwa 14,285,714: yeye 2,857,143, akiba ya wafanyakazi 1,428,571, ninyi milioni kumi zenu zilezile. Kila mmoja sasa ana asilimia 35. Angalia mchezo: ameandika kwamba kampuni yenu kabla ya fedha zake ina thamani ya milioni 2, lakini kila hisa ameinunua kwa senti 17.5, kwa hiyo hisa zenu zina thamani ya dola 1,750,000. Hiyo robo milioni iliyopungua ni akiba ya watu ambao hamjawaajiri bado. Basi usibishane juu ya thamani ya kampuni peke yake. Bishana pia juu ya ukubwa wa akiba, na uende na orodha ya nafasi za kazi za miezi 18 kuonyesha kwamba asilimia 6 au 7 inatosha.

Raundi ya pili, milioni 3 kwa asilimia 20, na akiba inaongezwa asilimia 5. Kila aliyekuwepo anabaki na robo tatu ya alichokuwa nacho: wewe 26.25. Raundi ya tatu, milioni 10 kwa asilimia 20: wewe 21, mwenzako 21, wawekezaji 12, 16 na 20 kwa mpangilio walioingia, wafanyakazi 10. Hapo hakuna aliyekuibia. Kampuni ilithaminiwa milioni 50 katika raundi hiyo, na asilimia 21 yake ni milioni 10.5. Kwenye karatasi.

Halafu soko linapoa na mnunuzi anatoa milioni 20. Magazeti yataandika "yauzwa kwa milioni 20" na ndugu watakupigia simu wakidhani umepata milioni 4.2. Wawekezaji hawashiki hisa kama zako. Wanashika hisa za upendeleo, zenye haki ya kurudishiwa fedha zao kwanza, au kuzigeuza kuwa za kawaida kama kugawana kunalipa zaidi. Wa tatu analinganisha milioni 10 yake na asilimia 20 ya mauzo, anachukua milioni 10. Wa pili, akigeuza, atapata kama milioni 2, basi anachukua milioni 3 yake. Zimebaki milioni 7. Wa kwanza anageuza, kwa sababu 12 katika 64 zilizobaki (100 toa 20 na 16) ni dola milioni 1.31, nyingi kuliko nusu milioni aliyotoa. Wewe unapata 21 katika 64, yaani takriban dola milioni 2.3. Na hayo ndiyo masharti mazuri!

Badilisha neno moja. Kama hisa zao zinawaruhusu kurudishiwa fedha *na* kugawana kilichobaki, wanatoa kwanza milioni 13.5, kisha wote mnagawana 6.5 kwa asilimia zenu. Unapata dola 1,365,000. Na kama yule wa tatu aliandikiwa kurudishiwa mara mbili, tena akiwa mbele ya wengine kwenye foleni, anachukua milioni 20 zote. Wewe, mwenzako, wafanyakazi na wawekezaji wa mwanzo, sifuri. Tofauti ya milioni 2.3 na sifuri ni sentensi moja kwenye mkataba wa kurasa nyingi, na kwa kawaida mwanzilishi huikubali kwa sababu mwekezaji alimpandishia thamani ya kampuni kidogo ili ajisikie vizuri. Thamani kubwa yenye masharti mabaya ni ghali kuliko thamani ndogo yenye masharti safi. Lipa wakili aliyezoea mikataba hii, si rafiki anayeshughulika na kesi za viwanja.

Kwa nini mtu husaini masharti hayo? Kwa sababu fedha zimemwishia. Ukiwa na 500,000 benki na unatumia 35,000 kwa mwezi zaidi ya unachoingiza, una miezi 14. Kutafuta raundi inayofuata huchukua miezi minne hadi sita mpaka fedha zigonge akaunti, basi anza mwezi wa nane wa hiyo 14, ukiwa bado na kiburi cha kukataa. Anayeanza mwezi wa 12 anaomba, hajadiliani. Na hesabu ya mapato isimamie fedha zilizoingia, si ankara zilizotumwa. Angalia pia wateja wanaokimbia: ukipoteza asilimia 5 kila mwezi inasikika kidogo, lakini katika kila wateja 100 wanabaki 54 baada ya mwaka. Kampuni ya hivyo inakimbia kwenye mchanga, na mwekezaji mzoefu ataliona hilo kwa dakika tano.

Fedha benki hununua pia nafasi ya kukosea. Stewart Butterfield na wenzake walifunga mchezo wao wa kompyuta, Glitch, mwaka 2012 kwa sababu wachezaji hawakutosha. Walifunga wakiwa bado na akiba, wakageukia chombo cha mawasiliano walichojitengenezea kazini. Hicho ndicho Slack, iliyonunuliwa na Salesforce mwaka 2021 kwa dola bilioni 27.7. Kampuni iliyosubiri senti ya mwisho haigeuki, inazikwa.

Kuhusu mwanzilishi kufukuzwa kwenye kampuni yake mwenyewe: hisa na mamlaka ni vitu viwili. Jobs alipopokonywa madaraka Apple mwaka 1985, bodi ilikuwa upande wa mtendaji mkuu John Sculley, na bodi ndiyo inayoajiri na kufukuza. Kwa hiyo kila raundi hesabu viti vya bodi: waanzilishi wawili, mwekezaji mmoja ni salama, wawili kwa wawili na mtu huru wa kati, jua huyo wa kati anateuliwa na nani. Google walipoingia soko la hisa mwaka 2004 waliweka hisa za daraja B zenye kura 10 kila moja na zikabaki mikononi mwa watu wa ndani. Kwa kampuni changa inayotafuta nusu milioni, usitegemee kupewa hilo. Pigania viti.

Siku ya kuuza yenyewe, hata zile milioni 2.3 haziji zote. Mnunuzi huzuia sehemu, mara nyingi karibu moja ya kumi, kwa miezi 12 hadi 18, ili ajilipe likizuka deni la kodi au madai ya hakimiliki (ile karatasi ya msimbo inarudi hapa). Sehemu nyingine inaweza kuandikwa ilipwe mkifikia malengo fulani ya mauzo, na malengo hayo utayafukuzia ukiwa huna tena mamlaka ya kuajiri wala ya kupanga bei. Mimi huihesabu kuwa sifuri, ikija ni bahati. Na mnunuzi atataka ubaki miaka miwili hivi. Kama hisa zako hazijaiva zote, mkataba useme kwamba kampuni ikiuzwa na ukafukuzwa bila kosa ndani ya mwaka, zilizobaki zinaiva papo hapo. Kifungu hicho huombwa raundi ya kwanza, wakati kila mtu bado anacheka. Ukikiomba mnunuzi akiwa ameshafika mezani, mwekezaji atakuuliza kwa nini mnunuzi apunguze bei kwa ajili yako.