Mdogo wangu uliyeanza kwenye dawati la tiketi

Jana nilikusikia ukimsihi mtu wa mradi achukue ndege ya bei ya chini. Akakuitikia "sawa, sawa", kisha akachagua ile ya gharama zaidi. Usimshangae. Nauli inalipwa na ofisi yake, maili, yaani pointi za kubadilisha kwa safari, zinaingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Biashara nzima ya kadi za uaminifu za ndege imesimama juu ya pengo hilo.

Ilianzia Marekani. Mwaka 1978 serikali ilipitisha sheria ya kuacha kupanga nauli na njia za ndege za ndani, mashirika yakaanza kunyang'anyana abiria. Mei 1981 American Airlines wakaanzisha AAdvantage, mpango wao wa maili, na United wakafuata siku chache baadaye. Hawakuwa wakimtafuta mtu wa likizo anayepanda ndege mara moja kwa mwaka. Walimtaka yule anayeondoka Jumatatu na kurudi Alhamisi, tena kwa fedha za mwajiri.

Huyohuyo ndiye anayelengwa na masharti ya tiketi. Utakutana na nauli nafuu inayodai msafiri alale huko Jumamosi, na utadhani ni ukorofi tu. Mtalii hajali. Mtu wa mkutano anataka wikiendi awe na wanawe, kwa hiyo nauli ile haimfai, atalipa ya juu. Sharti la kununua mapema linafanya kazi hiyohiyo, maana vikao vya kazi huitishwa leo kwa keshokutwa.

Kwa hiyo kabla hujatoa tiketi, soma masharti ya nauli yenyewe, si muhtasari alioandika mwenzako. Kwenye Amadeus, mfumo wetu wa kukata tiketi, amri yake ni FQN. Kipengele cha 16 ndicho cha adhabu: kubadili tarehe ni kiasi gani, kufuta ni kiasi gani, na (hapa wengi hupita tu) asipotokea uwanjani ni kiasi gani. Kubadili kabla ndege haijaondoka na kubadili ikiwa imeshaondoka si bei moja. Mteja akidokeza kwamba "huenda kikao kikasogezwa", mtumie barua pepe yenye nauli mbili, pamoja na faini ya kila moja. Mara nyingi ile ya chini ikibadilishwa mara moja tu inaipita ya juu kwa gharama, na mhasibu wake akiona maandishi hatabisha. Na tiketi isiyorudishiwa fedha isikutishe moja kwa moja: kodi za uwanja ambazo hazijatumika mara nyingi hurudishwa. Ziombe.

Kinacholeta simu za usiku ni mpangilio wa kuponi, yaani vipande vya safari ndani ya tiketi moja. Chukua tiketi ya Dar–Nairobi–Amsterdam, kwenda na kurudi. Msafiri tayari yuko Nairobi kwa warsha nyingine, anaona hakuna haja ya kurudi Dar, atapandia hapohapo. Kwa akili ya kawaida hajamkosea mtu, amelipia kipande ambacho hakukitumia. Lakini kuponi hutumika kwa mfuatano. Asipotokea Dar, vipande vyote vilivyobaki hufutwa, hata vya kurudi, na habari hiyo ataipatia kwenye kaunta ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, akiwa na mabegi mkononi. Mwonye siku unapomkabidhi tiketi. Akisema kabla ya safari, nauli huweza kukokotolewa upya. Akichelewa, jiandae kumuuzia tiketi nyingine.

Upande wa maili, angalia jina. Watu wetu wana majina matatu kwenye pasipoti, halafu akaunti wamefungua kwa mawili. Mfumo usipoyalinganisha, maili haziingii, na atakayelaumiwa ni wewe. Atunze kadi ya kupandia ndege mpaka azione.

Mweleze pia mipaka, maana mashirika yamejigawa katika miungano. Kenya Airways wako SkyTeam, Ethiopian wako Star Alliance, Qatar Airways wako oneworld, na Emirates hawamo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu. Akitawanya safari kote huko, kadi ya dhahabu ataisikia kwa wenzake. Hata hesabu imebadilika: Delta na United tangu 2015, na Flying Blue ya Air France na KLM tangu 2018, hutoa maili kwa kiasi cha fedha kilicholipwa, si kwa umbali. Tiketi ghali ya ofisi inamnenepesha zaidi msafiri. Mtu wako wa jana analijua hilo vizuri sana.

Mashirika yenyewe yameliona pengo, yakatengeneza mipango ya kampuni, kama bluebiz ya Air France na KLM, ambapo mwajiri naye hupata pointi kwa safari zilezile bila kumpunguzia msafiri zake. Kampuni nyingi ndogo hapa mjini hazijajiandikisha. Namba ya kampuni iingizwe kwenye bukingi kabla tiketi haijatolewa, na mazungumzo hayo yafanye na mhasibu. Msafiri mwenyewe hana haraka nayo.