Mwongo Hewani, Mkweli Ardhini

Wiki jana msomaji wa Eldoret aliniandikia: "Kaka, nataka kutengeneza gemu ya skii na sijawahi kuona theluji. Nianzie wapi?" Nilikaa na ujumbe huo siku mbili, maana ulinigusa mahali ambapo bado pananiuma.

Mimi pia theluji sijaikanyaga. Gemu yangu niliijenga usiku, kwenye bedsita Kasarani, tokeni za umeme zikiniishia katikati ya kazi. Mtelezaji wangu aliruka jabali la mita 20, akakaa hewani sekunde sita, akajizungusha mara nne, akatua kwenye tambarare na kuendelea na safari yake. Niliona nimemaliza kazi.

Siku ya maonyesho hapa mjini, mgeni mmoja aliyekulia milimani alishika kidhibiti, akaruka mara moja, akakirudisha mezani. "Huyu hana uzito," akasema, akahamia meza ya jirani. Nilipanda matatu ya kurudi nimepakata laptopu na sikumsemesha mtu hadi nashuka.

Usiku huo nilifukua daftari langu la fizikia la sekondari. Kitu kinachoanguka huongeza mwendo wa mita 9.81 kwa sekunde, kila sekunde. Kutoka mita 20 unafika chini kwa sekunde mbili, ukienda kama kilomita 70 kwa saa. Sekunde sita zinahitaji zaidi ya mita 170, na jengo la KICC hapa Nairobi, pamoja na urefu wake wote, halifiki huko!

Halafu kutua. Matatu yenye mwendo wa 70 ikisugua reli ya kando ya barabara hupoteza rangi. Ikigonga ukuta uso kwa uso, ni msiba. Ndiyo maana wanaoruka na skii hutua kwenye mteremko mkali: mwendo wao unakaribia kuwa sambamba na theluji, kwa hiyo sehemu ndogo tu ya mwendo huo ndiyo inayogonga. Mimi, kwa tambarare ile, nilimtua wangu ukutani.

Nilirekebisha kila kitu kiwe cha kweli, na gemu ikafa. Sekunde mbili hewani hazitoshi kumfurahisha mtu. SSX, gemu ya mwaka 2000 ya kuteleza thelujini kwa ubao, iliwarusha wachezaji wake juu kupita kiasi, na watu waliipenda. Basi nikamrudishia muda wa hewani: uvutano mdogo akipanda, mkubwa akishuka. Ila kutua kukategemea pembe kati ya mwendo wake na mteremko. Pembe ikiwa kubwa, anaanguka, hata awe na alama ngapi.

Kwa hiyo anza na kutua, mdogo wangu. Jabali moja, mteremko mmoja, na usiongeze mlima wa pili kabla huo haujakuridhisha. Na usijifiche nyuma ya "ni gemu tu". Hilo nililisema mimi mwaka mzima, na ni uvivu. Kutoiona theluji nako si kisingizio: Philip Boit, wa pande za kwenu, alijifunza skii akiwa mtu mzima, na mwaka 1998 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda alimngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Wewe umeombwa daftari na subira tu.

Jumamosi nilimpa kijana wa jirani toleo jipya. Aliruka, akatua kwenye tambarare. Kabla mtelezaji hajamaliza kubingirika, kijana alikuwa ameshika magoti yake mwenyewe.