Elixir: usiikimbie wiki ya pili

Mdogo wangu, unasema umezoea lugha ya programu ya PHP, umeigusa nyingine, Elixir, wiki mbili na kichwa kinakuuma; je, uachane nayo? Bado. Mimi niliianzia hapa Tanga, Ngamiani, nikitengeneza tovuti ya duka la vipuri, na mwezi mzima niliilaani. Nilitafuta "return", neno la kurudisha jibu katika PHP, nisilione. Kumbe mstari wa mwisho wa funksheni (kipande cha programu chenye kazi yake) ndio jibu lenyewe! Kilichonigeuza ni alama ya kuunganisha hatua za kazi, |>. Data inaingia juu, inachujwa, inapangwa, inatokea chini, nawe unaisoma kama unavyofuata maji mferejini.

José Valim, Mbrazili, alianza kuiunda Elixir mwaka 2011. Inakimbia juu ya mashine pepe (programu inayoendesha programu nyingine) ya Erlang, lugha iliyozaliwa kampuni ya Ericsson mwaka 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu. Ndiyo maana mchakato mmoja ndani ya programu ukianguka, mchakato msimamizi wake unauwasha upya na mingine haina habari.

Phoenix, zana ya kujengea tovuti kwa Elixir, iache kwanza, utazama. Fungua iex, sehemu ya kujaribia Elixir mstari kwa mstari, chezea Enum.map, funksheni ya kubadili kila kitu kwenye orodha, jioni mbili tatu. Na PHP usiitupe, ndugu yangu. Wateja wangu wengi bado wanataka WordPress, mfumo wa tovuti ulioandikwa kwa PHP, na kodi ya nyumba haisubiri.